Besi Haiuzwi kwa Boksi: Safari Kutoka Nyatiti Mpaka Sikio Lako

Wasee, swali ninaloulizwa kuliko yote si la simu wala la kamera. Ni hili: "Buda, iafoni gani iko na besi safi?" Na jibu langu huwaudhi watu, juu halina jina la kampuni ndani. Mimi hujibu kwa swali: hiyo uliyo nayo sasa, inajaza sikio lako ama imening'inia tu? Kama imening'inia, hata nikutajie ya elfu ishirini, utasikia redio ya mlinzi.

Leo naeleza kwa nini, na nitapitia historia, si duka. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usitegemee mhadhara. Lakini kuna jambo moja nimelisoma, nikalijaribu kwa masikio yangu, na nataka kila kijana anayeweka doo kwa iafoni alijue: besi haikai ndani ya spika. Besi ni hewa iliyofungiwa mahali. Wazee wetu hapa ziwani waliifanyia kazi hewa hiyo kabla ya stima. Daktari mmoja wa Paris aliifuata kwa bomba la karatasi mwaka wa 1816. Mafundi wa matatu wanaijua mpaka leo. Sisi wa iafoni ndio tumesahau, na tunalipia kusahau huko kwa pesa na, mbaya zaidi, kwa masikio.

Kwanza, kelele ya kwetu

Mahali ninapoishi panasaidia kuelewa. Nyamasaria ndio mlango wa Kisumu ukitoka upande wa Nairobi ama Kericho. Malori, mabasi ya usiku, matatu za Ahero, tuktuk, boda, vyote vinapita hapa. Sasa sikiliza kelele hiyo kwa makini. Si kelele nyembamba. Injini ya lori inanguruma chini kabisa, mahali palepale ambapo gitaa la besi na ngoma kubwa hukaa.

Kwa hivyo ukisimama steji na iafoni isiyoziba, mambo mawili yanatendeka kwa wakati mmoja: besi ya wimbo inatoka nje, ngurumo ya lori inaingia ndani. Kinachobaki ni mwimbaji na matoazi, chwi chwi chwi. Halafu unasema iafoni ni feki. Pengine ni feki kweli, lakini hujaipa nafasi ya kujitetea.

Ngozi, bakuli na kidole gumba

Anza na nyatiti. Itazame bila haraka utaona vitu vitatu: nyuzi 8, fremu ya mbao, na bakuli la mti lililofunikwa kwa ngozi ya ng'ombe. Uzi peke yake hauna nguvu. Funga uzi kati ya misumari miwili ukutani, uuvute na kuuachilia: utasikia kitu chembamba kama mbu. Uzi ni mwembamba, unaikata hewa badala ya kuisukuma. Ngozi ndiyo inayosukuma, juu ni pana, na bakuli ndilo linaloishika hewa isitawanyike ovyo. Ukitoa bakuli, umebaki na nyuzi za kuanika nguo.

Na kuna kitu cha pili. Mpigaji huketi chini, kwenye kigoda, na huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu. Pete hiyo huitwa oduong'o. Anaigonga kwenye mbao ya ala huku vidole vya mikono vikicheza nyuzi na njuga, yaani gara, zikilia mguuni. Mtu mmoja ameketi, lakini ni mwimbaji, mpiga solo na mpiga ngoma. Ule mgongo wa chini, ule unaofanya watu watikise mabega, unatoka mguuni na kwenye bakuli. Hakuna betri hapo.

Nataka ukumbuke bakuli hilo, juu litarudi mara nyingi katika hadithi hii likiwa limebadilisha sura.

Benga: besi inapokataa kukaa nyuma

Magitaa yalipoenea Nyanza miaka ya 1950 na 1960, vijana hawakuiacha nyatiti mlangoni. Walihamisha mchezo wa nyuzi zake kwenye gitaa. John Ogara na bendi yake ya Ogara Boys hutajwa sana watu wanapotafuta jina la benga lilitoka wapi. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka wa 1940, alikuja Kenya akaibeba benga na Shirati Jazz mpaka watu wakamwita mfalme wake. Alifariki Mei 2006 kwa ajali ya barabarani karibu na Kisumu.

Kuna kitu kwenye benga ambacho wengi wetu hatujawahi kukisikia vizuri, hata kama tumekulia nayo. Gitaa la besi kwenye benga si askari wa geti anayesimama tu hapo nyuma. Linarukaruka, linanyamaza, linarudi, linajibizana na gitaa la solo kama watu wawili wanaobishana kwa heshima. Solo inauliza juu, besi inajibu chini. Ukiikosa besi umesikia nusu ya mazungumzo, kama kumsikiliza mtu akiongea kwa simu bila kujua wa upande wa pili anasema nini.

Na muziki huo ulipita hapa kwetu, kihalisi. Lebo na studio ya A. P. Chandarana, iliyowarekodi wasanii wengi wa huku, ilikuwa Kericho. Ukitoka Kisumu mjini kwenda Kericho kwa barabara, lazima uipite Nyamasaria. Phares Oluoch Kanindo, aliyekuwa mtayarishaji na mfanyabiashara wa santuri, alizipeleka rekodi za Nyanza mbali hadi Zimbabwe, na huko muziki wa aina hiyo ukaitwa kanindo. Mtindo mkubwa wa Zimbabwe unaoitwa sungura unabeba jina la lebo yake. Neno la Kiswahili, besi ya ziwa, na watu wanacheza Harare. Hiyo si hadithi ndogo.

Babu alisikiaje?

Sasa hapa ndipo panapovutia. Watu wengi waliosikia benga miaka hiyo waliisikia kwenye redio ndogo ya betri, Sauti ya Kenya ikiwa hewani, spika yenyewe ukubwa wa kiganja. Spika ya namna hiyo haiwezi kutoa besi ya kweli. Uzi mnene zaidi wa gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, yaani 41 Hz. Spika ya redio ndogo huanza kuwa na nguvu huko juu, mara nyingi kupita 150 ama 200.

Basi mbona wazee waliisikia besi? Juu ubongo ni mjanja. Uzi wa 41 Hz hautoi 41 pekee. Unatoa pia 82, 123, 164, 205, na kuendelea, ngazi juu ya ngazi. Redio inakata ngazi za chini, lakini ubongo ukisikia zile za juu zimepangwa kwa hatua za 41, unajijazia: "Ah, hii ni nota ya 41." Ndiyo sababu kwenye simu za zamani, zilizopitisha sauti kuanzia kama 300 Hz tu, bado ulimtambua baba yako mwenye sauti nzito, ingawa msingi wa sauti yake uko karibu na 100. Ulisikia kivuli, ubongo ukachora mtu.

Kwa hivyo babu alijua besi inacheza nota gani. Lakini kuijua nota si sawa na kuihisi. Uzito wenyewe, ule wa ukumbini bendi ikiwa mbele yako, redio haikuweza kuubeba. Na wewe ukivaa iafoni inayovuja mwaka huu, uko palepale alipokuwa babu na redio yake ya betri. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na njia nyingine.

Sanduku

Tuhame sasa kutoka kwa nyatiti na redio hadi kwa spika yenyewe. Spika tunayoijua, ile ya koni na sumaku, ilipata umbo lake mwaka wa 1925 kwa kazi ya Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric huko Marekani. Na toka mwanzo ilikuwa na shida moja. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Mbele hewa inabanwa, nyuma inalegea. Sauti za juu zina mawimbi mafupi na huenda mbele zake. Lakini wimbi la 40 Hz lina urefu wa zaidi ya mita 8. Linazunguka ukingo wa koni bila shida, msukumo wa mbele unakutana na mvuto wa nyuma, na viwili hivyo vinauana. Besi inakufa kabla haijafika kwako.

Ukitaka kuona kwa macho, tafuta spika ya redio iliyokufa, iunganishe bila kasha uicheze. Inalia kama kopo. Irudishe kwa kasha na ghafla ina kifua.

Mwaka wa 1954 Edgar Villchur, Mmarekani, alifunga sanduku kabisa, hewa isitoke wala isiingie, akaiacha hewa ya ndani ifanye kazi ya springi nyuma ya koni. Sanduku lake, AR-1, lilikuwa dogo vya kutosha kukaa kwenye rafu, na bado lilishuka chini kuliko makabati makubwa ya wakati huo. Hakuongeza nguvu ya umeme. Alifunga mlango.

Mafundi wetu wa matatu wanafanya hesabu hiyohiyo kwa vitendo. Fundi akijenga sanduku la sabufa kwa nganya, haanzi na mziki. Anaanza na viungo vya mbao. Gundi, skrubu, silikoni kwenye kila pembe. Ufa mdogo tu na sabufa inaanza kupumua vibaya, fuuu fuuu, besi imekonda. Hata masanduku yenye tundu, tundu hilo limepimwa urefu na upana. Tundu ni mpango, ufa ni hasara. Weka maneno hayo akilini, tutayahitaji tukifika sikioni.

Iafoni ya kwanza ilikuwa ya moyo

Watu husema historia ya vitu vya masikioni ilianza na Walkman. Zi. Kuna kifaa cha zamani zaidi, na kazi yake ilikuwa besi tupu.

Mwaka wa 1816, Paris, daktari René Laennec alitaka kusikia moyo wa mgonjwa wa kike bila kuweka sikio kifuani mwake. Akakunja karatasi ikawa bomba, upande mmoja kifuani, mwingine sikioni. Akasikia moyo wazi kuliko alivyowahi. Stethoskopu ikazaliwa. Miaka ya 1850 ikaja ile ya masikio mawili tunayoijua.

Fikiria moyo unavyolia: dub-dub. Ni sauti ya chini kabisa, nyingi yake iko chini ya 150 Hz. Hiyo ni besi. Muulize nesi yeyote stethoskopu ikikaa vibaya masikioni inakuwaje. Atakuambia husikii kitu. Ncha zake zinaelekea mbele kidogo kufuata njia ya sikio, na ni laini ili zizibe. Hakuna betri, hakuna kiwambo cha kisasa masikioni, ni bomba la hewa iliyofungiwa kutoka kifua cha mtu mmoja hadi kwenye ngoma ya sikio la mwingine. Kikivuja, moyo unapotea.

Baadaye waliofuata njia hiyo ni watengenezaji wa vifaa vya watu wasiosikia vizuri. Wao ndio waliochukua umbo la sikio la mtu, wakatengeneza kiziba kinachomtosha yeye peke yake. Mwaka wa 1991 kampuni ya Etymotic Research, iliyoanzishwa karibu na Chicago na Mead Killion, mtaalamu wa vifaa hivyo, ikatoa ER-4, iafoni ya muziki inayoingia ndani ya njia ya sikio na kuziba. Haikuwa na besi ya kupiga kifua. Lakini besi iliyokuwa kwenye rekodi ilifika yote, juu haikuwa na pa kutorokea. Mwaka wa 1995 Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya Van Halen, akamtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen iafoni za kujisikilizia stejini. Hapo ikazaliwa Ultimate Ears. Mpiga ngoma anayekaa katikati ya kelele kubwa kuliko ya steji yetu alipata suluhisho gani? Kuziba kelele nje, ili ndani asikie vizuri bila kuongeza sauti.

Unaona bakuli la nyatiti limerudi? Safari hii bakuli ni sikio lako mwenyewe.

Kijiko cha hewa

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Spika iliyo kwenye hewa wazi, kila ukishuka oktavu moja, lazima koni isogee mara nne zaidi ili sauti ibaki ileile. Ndiyo sababu sabufa ni kubwa na hula stima. Lakini kwenye sikio lililozibwa vizuri, hewa iliyo kati ya iafoni na ngoma ya sikio ni kidogo mno, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Kwa chumba kidogo hivyo, kiwambo hakina haja ya kuhangaika. Kikisogea kidogo tu, hewa yote inabanwa kwa pamoja, iwe ni 40 Hz ama 400. Ndivyo kiwambo cha milimita 10, kidogo kuliko shilingi, kinavyoweza kutoa besi ambayo sabufa ya nganya inaitafuta kwa sanduku zima.

Sharti ni moja: chumba kiwe kimefungwa. Toboa uwazi mdogo kuliko kichwa cha kiberiti na cha kwanza kutoroka ni besi. Sauti ya mwimbaji itabaki, matoazi yatabaki. Ndiyo sababu huwezi kujua inavuja kwa kusikiliza maneno tu. Maneno yako sawa, ni sakafu iliyoondoka.

Tulivyosahau

Sasa historia inageuka. Walkman ya Sony ilikuja 1979 na vipokea sauti vya sponji vilivyokaa juu ya sikio. Oktoba 2001 Apple wakatoa iPod na zile iafoni nyeupe za plastiki ngumu zisizo na mpira. Zilikaa mlangoni mwa sikio kama mgeni asiyekaribishwa. Zilikuwa maridadi, ulimwengu mzima ukaziiga, na kizazi kikajifunza kwamba iafoni ni kitu cha kuning'iniza.

Uvujaji ukawa kawaida, na kiu ya besi ikabaki. Biashara ikaona nafasi. Beats ya Dr. Dre na Jimmy Iovine ilianza kuuza mwaka wa 2008, na mwaka wa 2014 Apple wakainunua kwa dola bilioni 3. Siwalaumu, walijua watu wanataka nini. Lakini tazama boksi lolote kwenye vibanda vya mjini leo: besi hii, besi ile, maneno makubwa yenye moto. Mara nyingi maana yake ni kwamba sauti za chini zimeongezwa kwa nguvu ili hata zikivuja, kitu kibaki. Ukiziziba vizuri iafoni hizo, besi inakuwa uji. Kick, gitaa la besi na sauti ya mwimbaji vyote vimemwagika sahani moja. Vijana wanauzoea uji huo, halafu wanasema benga ya zamani haina besi. Iko nayo. Haijapigiwa kelele tu.

Cha kuchekesha ni kwamba Apple wenyewe, mwaka wa 2019, walitoa AirPods Pro zenye vimpira vya silikoni vya saizi tofauti, pamoja na kipimo kwenye simu: maikrofoni ya ndani inasikiliza kama sikio limeziba, inakuambia ubadilishe saizi. Miaka 18 baada ya ile plastiki nyeupe, wakarudi pale Laennec alipokuwa.

Bei halisi ya besi inayovuja

Hadi hapa unaweza kusema, "Sawa, ni mambo ya ladha." Si ya ladha. Mwaka wa 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell walionyesha kwamba sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini muziki ukiwa na sauti ndogo. Ukiongeza sauti, besi inaonekana kukua haraka kuliko vingine. Kwa hivyo mwili wako umejifunza: nikikosa besi, niongeze sauti.

Sasa weka hilo na iafoni inayovuja, kwenye matatu, lori likinguruma kando. Unaongeza. Besi haiji, juu inatoka nje. Unaongeza tena. Kinachokua kweli ni sauti za juu, zile kali, moja kwa moja kwenye seli laini za ndani ya sikio ambazo zikifa hazioti tena. Unalipa kwa sauti za juu ili kununua besi ambayo imeshatoroka.

Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa kama saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Kwa wiki nzima, si kwa siku. Piga hesabu ya safari zako za kwenda na kurudi, na usiku kitandani, uone. Ile milio ya wiiii masikioni baada ya siku ndefu si ushujaa. Ni sikio linalalamika.

Ndiyo maana nakataa kukutajia jina la iafoni kabla hujajua saizi ya sikio lako. Iafoni ya bei ndogo iliyoziba vizuri itakupa besi kwa sauti ya chini. Ya bei ghali inayovuja itakufanya kiziwi ukiwa maridadi.

Basi fanya hivi

Ile boksi ya iafoni huja na vimpira vya ziada, vidogo na vikubwa. Wengi huvitupa. Omera, hivyo ndivyo sehemu ya maana zaidi ya boksi. Jaribu zote. Sikio la kushoto na la kulia mara nyingi si sawa, kwa hivyo usione aibu kuvaa saizi mbili.

Ukivaa, peleka mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, ushike juu ya sikio, ulivute juu na nyuma kidogo. Njia ya sikio inanyooka. Ingiza iafoni ikizunguka polepole, kisha uachilie sikio. Kama ni ya sponji, ibane kwa vidole iwe nyembamba, iingize, uishikilie kama nusu dakika ivimbe.

Halafu jipime. Ongea: kama sauti yako inavuma ndani ya kichwa kama uko ndani ya tangi la maji, umeziba. Cheza toni ya 50 Hz, ziko bure mtandaoni, kwa sauti ndogo. Isukume iafoni taratibu kwa kidole. Besi ikiruka juu ghafla, saizi uliyovaa ni ndogo ama imekaa vibaya. Isipobadilika, uko sawa. Besi ikiegemea upande mmoja, upande mwingine unavuja.

Angalia pia tundu dogo kwenye mwili wa iafoni. Lile ni la fundi, limepimwa kama lile la sabufa, usilizibe. Safisha nta kwenye vimpira kwa kitambaa, usichokoe sikio na kijiti. Ikiuma, toa. Kuziba si kuchoma.

Na ukishaziba, punguza sauti. Hiyo ndiyo hatua ambayo watu huiruka. Usipopunguza, kazi yote ilikuwa bure.

Jambo la mwisho, na hili ni la kwetu kabisa: iafoni iliyoziba vizuri inakuzibia hata honi. Ukivuka barabara hapa Nyamasaria, ama ukipanda boda, toa zote mbili. Lori halijali besi yako.

Kilichokuwa kinakungoja

Mimi sina shida na mziki wa leo, nausikiliza kutwa. Lakini jaribio lenyewe nataka ulifanye na benga ya miaka ya 1970. Tafuta rekodi yoyote ya Misiani, vaa vizuri, sauti chini, mahali palipotulia. Usifuate mwimbaji. Usifuate solo. Shuka chini umfuate yule mpiga besi ambaye labda hukuwahi kujua jina lake. Msikilize anavyonyamaza, anavyorudi, anavyomjibu mwenzake, na nyuma ya yote hayo usikilize mguu wenye pete ukigonga mbao, mguu ambao haupo kwenye rekodi lakini ndio uliomfundisha kucheza.

Alicheza nota hizo zote kwa uangalifu huku akijua nyingi zitafika kwa watu kupitia redio isiyoweza kuzibeba. Zimekaa kwenye rekodi miaka 50, nzima. Kilichobaki ni wewe kufunga mlango.